Mlango wa Kanisa la Askari

Jumanne, 2 Novemba 1993

Nyasi tena. Mvua ya juzi imeziamsha, upande wa makaburi ya Wahindi zimefika magotini. Nimefyeka tangu asubuhi, mgongo unawaka moto. Wageni wa ng'ambo wanakuja tarehe kumi na moja kama kila mwaka kuwakumbuka askari wao, na mashada yao ya maua ya karatasi na viatu visivyofaa kilima hiki. Kila jiwe lisuguliwe, ofisi ya Dar imesema. Nasugua.

Mzee Lutonja analinda geti. Yaani amelala getini. Upinde ukutani, redio tumboni. Mkewe Minza alituletea michembe, vile viazi vikavu, na karanga mchana, akamwamsha kwa kumtekenya sikio na kijiti. Tulicheka kama wehu, watu wazima watatu katikati ya makaburi. Hao wawili ndio ndugu zangu huku. Mimi Mhaya, wao Wasukuma. Hakuna anayejali.

Leo siku ya marehemu wote. Sikwenda parokiani. Niliingia kanisa la askari peke yangu, nikafuta vumbi kwenye majina. Ukuta mzima ni wale waliokuja kupigana na Mjerumani, wakafa, na miili yao haikupatikana. Wazungu, Wahindi, Waafrika wa pwani ya magharibi. Nimemwombea mume wangu Deusi humo humo. Vita vyake vilikuwa vingine, lakini naye amelala ugenini. Wenzake waliletwa wakazikwa pamoja kwa heshima. Yeye alibaki Uganda, chini ya mvule, na mawe juu yake. Mdogo wake ndiye aliyemzika, kwa mikono yake. Nashukuru hilo. Lingine la kushukuru sina.


Alhamisi, 4 Novemba

Projest ametokea Geita. Huyo ndiye mdogo wake Deusi, shemeji yangu, naye alikuwa askari vita ile ile. Sikuwa nimemwona tangu kiwanda cha pamba kilipompunguza kazini. Amekonda. Macho mekundu, kucha zimejaa udongo wa mashimo ya dhahabu. Ana wanaume wawili, wamepanga chumba Kigongo karibu na pantoni. Mmoja wanamwita fundi. Fundi wa nini, hawasemi.

Nilimpikia ndizi. Alikula bila kuinua kichwa. Shati lake la kijani lilinuka, nikalifua, nikashona mfuko uliochanika kwa uzi mweupe kwa kuwa sikuwa na mwingine. Akicheka ni Deusi mtupu. Inaniuma, na bado nataka acheke tena.

Alitaka kuyaona makaburi yasiyo na majina. Nikampeleka. Nilidhani ni uchungu wa askari kwa askari.


Jumamosi, 6 Novemba

Wamefukua kaburi.

La pembeni, karibu na miamba. Jiwe limeng'olewa na kutupwa kifudifudi. Shimo hadi kiunoni. Mifupa imetawanywa kwenye nyasi nilizofyeka juzi. Fuvu limepasuliwa kwa kitu kizito, meno yote yameng'olewa moja moja. Kisigino cha buti. Vifungo viwili vya shaba.

Nilitapika. Kisha nilitandika kanga yangu chini, nikaokota. Lutonja alinisaidia. Ni mali ya Mjerumani wanatafuta, alisema. Kila mtu anajua hadithi hiyo: Mjerumani alipokimbia alizika masanduku ya rupia, akaweka alama. Sasa wameambiana kuwa masanduku yako kwenye makaburi ya uongo, yasiyo na jina.

"Siku hizi kila kitu ruksa," alisema. "Hata wafu ruksa."

Amekwenda kuwaambia sungusungu, walinzi wa kijiji. Mimi nimemrudisha yule askari shimoni na kumfunika. Sijui kabila lake, sijui dini yake. Nimesema Baba Yetu kwa Kiswahili.


Jumapili, 7 Novemba

La pili limefukuliwa. Jirani na lile la kwanza.

Nilikwenda Kigongo kwa miguu, moja kwa moja hadi chumbani kwao. Mlango ulikuwa wazi. Sururu kwenye kona, udongo wake mwekundu ni wa kilima changu. Yule fundi anasafisha nyaya za shaba, eti ndicho kipimo chake cha mali iliyozikwa. Mwenzake amelala. Projest alisimama aliponiona.

Nilimwambia atoke tuongee. Tulisimama nyuma ya nyumba, penye mizani ya sangara, watu wanapita na ndoo za barafu. Nikamwambia aondoke leo leo, avuke arudi Geita. Akasema kuna sanduku moja tu, akilipata atamjengea mama yake nyumba ya bati. Nikamwambia wewe ulikuwa askari, yule mliyempasua kichwa alikuwa askari, na kaka yako je, wakimfukua hivyo huko alipo?

Akanipiga. Si kofi. Ngumi, hapa chini ya jicho. Nilianguka kwenye magamba ya samaki.

Watu walitazama. Mwanamke mmoja akasema, "Mke na mume hao, waacheni."

Namchukia. Naandika hapa ili kesho nisijifanye simchukii.


Jumatatu, 8 Novemba

Jicho limefumba. Lutonja aliuliza. Nikasema nimeteleza kwenye miamba. Akazima redio.

"Mwanangu, miamba haina ngumi."

Nikimtaja Projest, sungusungu watamuua. Nawajua. Mwaka juzi walimkamata mwizi wa ng'ombe, nikasikia mlio wake kutoka huku juu hadi ulipokatika. Sitaki kuusikia mwingine, hata kama ni wake.

Kwa hiyo nimenyamaza. Lutonja amesema sasa hatalala tena kazini, mchana wala usiku. Amekaa anachonga mishale. Kipara kinang'aa juani, mate yanamtoka kwa umakini. Nilitaka kumwambia. Nimepika uji badala yake.


Alhamisi, 11 Novemba

Naandika ya jana.

Jana ilikuwa siku ya gulio. Watu wote walikuwa huko. Mchana mvua ikashuka, mvua ya kuziba macho. Nilikuwa ndani ya kanisa nasugua sakafu kwa ajili ya wageni. Ndoo, brashi, sabuni ya mche. Sikusikia kitu zaidi ya mvua kwenye vigae.

Mvua ilipopungua nikasikia filimbi ya Lutonja. Mara moja. Halafu sauti nyingine, kama mtu anayekata gogo bichi.

Nilitoka barazani. Projest alikuwa anapanda kilima mbio, anateleza, anainuka. Nyuma yake, chini barabarani, watu wa gulio walikuwa wamesikia filimbi. Yowe limepigwa. Wanaume wanakuja na fimbo, mapanga, pinde. Wale wenzake wawili walikimbilia ziwani. Mmoja alipotelea kwenye matete. Yule fundi walimpata majini. Nilimwona anainua mikono. Nikaona fimbo zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, maji yakabadilika rangi. Haikuchukua muda.

Projest alinipita akaingia kanisani. Mimi nikaingia, nikafunga mlango, nikatia komeo. Sikuwaza. Mwili ndio uliofanya.

Mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Nilidhani ameumia.

"Damu ya nani?"

"Alinirushia mshale, shemeji. Alinikosa."

"Damu ya nani, Projest?"

Akakaa chini kwenye maji ya sabuni. Akasema mzee aliwakuta wanachimba la tatu, naye akampiga kwa sururu. Mara ya kwanza begani. Mzee hakuacha kupiga filimbi. Mara ya pili kichwani.

Wakafika. Mlango ni wa mninga, mnene, lakini walipougonga wote kwa pamoja vumbi lilidondoka kutoka darini. Mawe yakaja. Vioo vyote viwili vilipasuka, kimoja kilinikata shingoni. Mtu akapaza sauti kuwa Lutonja amekufa, ubongo uko nje, atolewe mtu huyo. Mwingine akasema huyo mwanamke ni shemeji yake, ni genge moja, wachomwe wote. Nikasikia wanaulizana mafuta ya taa.

Niliuegemea mlango kwa mgongo. Mshale ulichoma ubao. Nilisikia ncha inavyolia karibu na sikio langu.

Hapo ndipo Projest alipoanza kusema. Nilidhani anasali. Alikuwa anasema habari za Deusi.

Akasema hakumzika.

Akasema walishambuliwa barabarani, Deusi akakatika miguu yote miwili, akamwita kwa jina. Yeye akakimbia. Waliporudi kesho yake fisi walikuwa wameshafika, hapakuwa na cha kuzika. Hakuna mvule. Hakuna mawe. Aliyatunga njiani, kwa sababu hakujua atamwambia nini mama.

"Sitaki kufa nalo," akasema.

Miaka yote hiyo nimeyaona yale mawe. Nimeyapanga kichwani, moja moja. Nimeuona mvule unaangusha majani.

Kulikuwa na kinara cha mshumaa cha chuma juu ya altare. Nilikichukua nikampiga nacho. Mkono wake ulilia, ukavunjika. Nilimpiga tena, mgongoni, kichwani. Hakujikinga. Nilikuwa nalia kwa sauti ambayo sikuijua. Walio nje waliisikia, wakanyamaza kidogo, labda walidhani ananiua yeye. Damu ilinirukia mdomoni. Ningepiga tena mara moja angekufa, na nilikuwa nimeshainua.

Kisha nikasikia jina langu. Minza. Yuko nje, mdomo kwenye ufa wa mlango. Hapigi kelele.

"Leokadia. Mume wangu amekula kwako. Umekula kwangu. Fungua."

Nilikwenda hadi mlangoni. Nilishika komeo. Mungu ni shahidi, nilitaka kulivuta. Niliona jinsi itakavyokuwa: nitajibanza ukutani, watapita, basi.

"Leokadia. Mimi ndiye ninayekuomba. Si hawa. Mimi."

Sikufungua. Nimejiuliza tangu jana kwa nini. Haikuwa huruma, sikuwa nayo hata chembe. Haikuwa dini. Nilimfikiria mama yao huko Muleba. Alitoa watoto wawili jeshini, akabaki na huyu mmoja, tena mtoto mbaya. Ndilo lililonijia, na lilitosha kuuzuia mkono.

Nikamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, siwezi."

Nilisikia akiondoka. Mawe yakaanza upya.

Polisi walifika jua likikaribia kuzama. Landrova moja, askari wanne. Walipiga risasi hewani mara nyingi ndipo watu wakasogea. Nikafungua. Walimtoa Projest wakimburuta, mkono unaning'inia. Alipopita alishika kanga yangu kwa vidole vya mkono mzima. Askari alimbandua.

Leo asubuhi wameniambia mengine. Polisi hawakufika hata Usagara, njiani kwenda mjini. Watu walikuwa wameziba barabara kwa mawe na magogo, mamia yao, waliotokea kila kijiji. Askari mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe, yuko hospitali. Risasi ziliwaishia. Projest alitolewa garini.

Basi. Niliushikilia mlango ule bure.

Wageni wa ng'ambo hawakuja. Walizuiwa mjini.


Jumamosi, 13 Novemba

Lutonja amezikwa leo, kwake, mlangoni mwa zizi. Nilikwenda. Nilijua nitakavyopokelewa, nikaenda.

Hakuna aliyenigusa. Wanawake walihama benchi nililokaa. Nilipopanga foleni ya kutupa udongo, Minza aliniona. Alisogea akasimama kati yangu na kaburi. Amekuwa mdogo ghafla, nguo nyeusi imemmeza. Alisimama tu hivyo, hadi nikaufungua mkono na udongo ukaanguka nilipokuwa.

Nilimwambia shikamoo baba yake Lutonja aliyekaa kwenye ngozi. Ana miaka mingi, haoni. Aliitikia marahaba kwa upole. Hakujua ni nani aliyemwamkia.

Nimerudi nyumbani nikakaa sakafuni. Nilimpenda yule mzee. Ningesema siku ile ya Jumatatu angekuwa hai. Hilo ni langu, halina mtu wa kusaidia kulibeba.


Jumatatu, 15 Novemba

Chumba cha maiti, mjini. Waliniuliza kama ni ndugu. Nikasema ndiyo.

Uso hakuna. Wametumia mawe, baadaye mapanga. Nilimjua kwa shati la kijani lenye uzi mweupe mfukoni. Mhudumu alitaka kunipa kiti. Nilikataa. Nilimwosha mwenyewe kwa sababu yeye alisita. Maji ya ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono uliovunjika ni kazi yangu. Niliunyoosha, nikaufunga kwa kitambaa.

Sikulia. Bado namchukia. Nimemwosha huku namchukia, na nimemwosha vizuri.

Hapa hatazikwa. Nani atampa ardhi? Nimepata lori lililoleta ndizi sokoni, linarudi tupu Muleba. Dereva ni mtu wa kwetu. Nilipomweleza alikuna kichwa akasema, "Waitu, dada yetu, hata mbaya huzikwa kwao."


Jumanne, 16 Novemba

Kigongo asubuhi. Jeneza tumelifunika kwa turubai na majani ya migomba. Ilibidi tungoje, pantoni ilikuwa upande wa Busisi.

Walijua. Sijui nani aliwaambia. Kundi la vijana lilizunguka lori. Mmoja akapanda gurudumu, akavuta turubai, akatema mate kwenye mbao. Mwingine alirusha jiwe, likanipata bega. Walidai tumtupe ziwani. Dereva alishuka na spana kubwa mkononi, akasimama, mtu mfupi mwenye kitambi.

"Mmeshamuua," akawaambia. "Mnataka kumuua na mara ya pili? Atakayegusa gari langu na aguse."

Yule wa jiwe alimrukia. Dereva alimpiga spana ya taya. Niliona meno. Wakamvamia wote, nikaruka chini nami nikauma, nikakwaruza, sikumbuki vizuri. Mabaharia wa pantoni ndio waliotuamulia, kwa minyororo. Tukavuka. Dereva anavuja damu puani, shati limechanika, anaendesha kimya. Hadi leo sikuwa najua hata jina lake. Anaitwa Respicius. Nilimuuliza tulipopita Geita.


Alhamisi, 18 Novemba

Tumemzika jana, nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Mama mkwe ni mzee sana sasa. Aliwaambia wanaume wafungue jeneza. Walikataa, wakatazamana, mmoja akasema mama, usimwone. Akasema hataki uso. Akaagiza wafungue upande wa miguu. Wakafungua ubao mmoja. Alipiga magoti, akatafuta kwa vidole hadi akakipata kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kimepinda. Alizaliwa nacho hivyo.

"Ni wangu," alisema. Akakishika, akakaa nacho. Mvua ilianza nasi tukaiacha itunyeshee. Hakuna aliyethubutu kumwambia tuharakishe.

Nilimweleza alivyokufa. Nilimweleza na Lutonja, bila kupunguza. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mke wa mzee huyo ana watoto wa kumtunza. Nikasema anao. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

La Deusi sikusema. Sitasema.

Leo asubuhi nilimkuta jikoni anamenya ndizi, kisu kimoja, polepole. Alinipa kisu cha pili. Tukamenya. Utomvu ukatuganda mikononi. Huko nje Respicius alikuwa anaosha lori, anapiga mluzi, kisha akakumbuka msiba akaacha.

"Mmoja nimempata," alisema mama mkwe, bila kuinua macho. Akasogeza sufuria karibu yangu. "Tia chumvi wewe. Mimi siku hizi nasahau, natia mara mbili."